Msimu Niliokatazwa Kusema

Daktari wa koo huko Kitui mjini alinionyesha nyuzi zangu za sauti kwenye kioo cha kompyuta yake. Zilikuwa nyeupe na zenye unyevu, kama maganda ya ndani ya kitunguu, na kwenye kingo zake vilikuwa vimeota vinundu vidogo vilivyotazamana. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia, kwa mkwaruzo niliokuwa nimebaki nao, kwamba nasimamia stoo ya ndengu huko Kyuso, na kwamba Jumapili naongoza nyimbo kanisani. Alinisikiliza kama mtu anayeambiwa jambo alilokwisha kulijua. Akasema dawa ya kwanza ni kunyamaza. Si kupunguza maneno, ni kunyamaza kabisa, hata kunong'ona nisinong'one, mpaka atakaponiona tena. Nilitaka kumuuliza mtu anasimamiaje stoo bila kusema, lakini akaweka kidole midomoni mwake na kunitazama kwa huruma. Kuanzia hapo nikawa bubu.

Stoo yetu ilikuwa na kuta za mabati na paa refu, na katikati ilisimama mashine ya kusafisha ndengu. Mkulima analeta gunia lake likiwa na mawe, majani makavu na vumbi la shamba. Mashine inatikisa vichujio vyake, inapuliza makapi nje kupitia bomba, na ndengu zinashuka upande wa pili zikiwa za kijani na zinang'aa. Wanawake walikaa kwenye meza ndefu wakiondoa kwa mkono mbegu mbovu zilizobaki. Wanaume walijaza magunia, wakayashona na kuyapanga yangoje lori. Mashine hiyo ilinguruma kama mvua kubwa juu ya bati, mvua isiyokatika, na kwa miaka yote niliyofanya kazi pale nilikuwa nikiishinda kwa kupaza sauti. Watu walikuwa wakinitania kwamba nikiita mtu stooni, sokoni wanaitika.

Siku za kwanza za kimya nilitembea humo ndani kama mtu aliyeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine. Asubuhi jua lilipenya kwenye vipande vya plastiki vilivyowekwa paani ili kuleta mwanga, na miali yake ilisimama ndani ya vumbi kama nguzo. Watu waliingia kwenye nguzo hizo wakageuka dhahabu, kisha wakatoka upande wa pili wakiwa watu wa kila siku. Midomo ilifunguka na kufumba. Maneno yangu yalipanda mpaka kooni, yakakaa kidogo, halafu yakashuka na kuyeyuka, na mara nyingi niligundua kwamba hayakuwa na haja ya kutoka. Niliyetaka kumharakisha alikuwa tayari yuko njiani. Gunia nililotaka liondolewe mlangoni liliondolewa na mtu ambaye pia alikuwa ameliona.

Kwanza nilijaribu kuandika kwenye simu. Lakini vidole vyangu vilijaa vumbi na kioo hakikunitii. Tena pale mezani palikuwa na mama mmoja mzee, niliyekuwa nikimwita mwaitu kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba. Aliishika simu yangu mbali na uso wake, akaisogeza mbali zaidi, akaifinyia macho, halafu akanirudishia akisema miwani imebaki nyumbani. Basi nikaanza kutumia mikono. Kiganja kikishuka polepole maana yake ilikuwa punguzeni kasi. Ngumi mbili zikigongana, gunia limejaa. Wengine walinijibu kwa kupiga kelele, kana kwamba aliyeacha kusema ameacha pia kusikia. Wengine walinijibu kwa mikono ilhali sauti zao wanazo. Tulicheka sana siku hizo, wao kwa vinywa na mimi kwa mabega.

Kisha taratibu nikaanza kuona. Sijui kabla ya hapo nilikuwa nikitazama nini. Mtu anayepaza sauti kutwa hungoja sauti yake ifike, na huku anangoja hatazami. Sasa niliona kwamba mwaitu, kila akimkumbuka marehemu mumewe, mkono wake ulisimama juu ya ndengu ukiwa umefunguka nusu, kama mtu aliyeweka kitu na kusahau ni kitu gani. Zamani ningemwita aendelee. Sasa nilienda nikakaa kando yake, nikaweka mkono wangu juu ya meza karibu na wake, na baada ya muda vidole vyake vikaanza kutembea tena. Siku iliyofuata alikuja mwenyewe kukaa karibu nami wakati wa chai, akanisimulia mambo ambayo nadhani hakuwahi kumsimulia mtu. Alisema mimi sasa nimekuwa mtu wa kuzungumza naye.

Meneja wetu alikuwa kijana mwenye shahada, kwao ni upande wa Tawa kule Makueni. Alikuwa na moyo mzuri na haraka nyingi. Mwanzoni mwa msimu huo alikuwa amerudi kutoka semina ya mameneja, mahali walipofundishwa kusoma watu kazini kwa jinsi wanavyosimama na kukaa. Asubuhi moja, baada ya maombi, alitufundisha na sisi. Alisema mtu akikunja mikono kifuani kuna jambo anaficha. Akigusa pua wakati wa kusema, anadanganya. Mtu mkweli anakutazama machoni. Tulimsikiliza kwa heshima, lakini vumbi la ndengu linawasha, na wakati akieleza habari ya pua karibu stoo nzima ilikuwa ikijikuna pua. Wanawake walibanana meza nzima wakizuia kicheko. Naye alisimama mbele yetu akiwa amekunja mikono, maana asubuhi ya Kyuso msimu huo ina ubaridi wake.

Jambo la macho ndilo lililoleta taabu. Wanawake wale wamelelewa kwamba mkubwa hakodolewi macho. Walijitahidi kumpendeza, wakainua nyuso zao alipopita, kisha macho yakaanguka yenyewe. Stoo nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyemtazama meneja usoni tangu mwanzo wa maneno mpaka mwisho, na huyo ndiye aliyemkera kuliko wote.

Alikuwa mshonaji wa magunia. Mwanamume mrefu, wa makamo, mwenye mabega mapana, aliyekuja kwetu msimu wa nyuma. Alikaa kwenye kigogo cha mti karibu na mlango wa nyuma, sindano ndefu mkononi, akifunga midomo ya magunia kwa mishono iliyolala sawasawa kama mistari ya shamba. Kazi yake haikuwa na kasoro. Lakini watu walisema ana maringo. Ukimsalimu ukitokea nyuma, hakuitikii. Ukimtania, anacheka baada ya wenzake, kicheko kidogo kilichochelewa. Ukiongea naye, anakutazama mdomoni mpaka unajiuliza kama una chakula kwenye meno. Na mara nyingine mtu yuko katikati ya maneno, yeye anageuka na kwenda zake.

Dalili ya kwanza niliiona wakati wa maombi. Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, tulisimama kwa duara na mmoja wetu aliomba. Kwa kuwa sikuweza kuimba wala kuitikia, nilijikuta nasimama macho wazi, nikiwatazama wenzangu walivyofumba yao, nyuso zao zikiwa laini kama za watu waliolala. Maombi yakaisha, watu wakasema amina, mabega yakashuka, mtu akakohoa. Mshonaji bado alikuwa ameinamisha kichwa. Watu walikuwa wamezoea kusema kwamba ni mcha Mungu sana, anaomba kuliko wengine. Nikaona jicho lake moja likifunguka kidogo sana. Likatazama miguu ya watu waliokuwa tayari wanatawanyika. Ndipo akasema amina, peke yake, kwa sauti ya chini.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Lilielea kichwani pamoja na vumbi, na sikulikimbilia, kwa sababu siku hizo sikuwa nikikimbilia kitu. Kesho yake nilisimama upande wa pili wa stoo, mashine ikiwa katikati yetu ikinguruma kwa nguvu zake zote. Nilingoja ainue uso. Alipoinua, nikachezesha midomo bila kutoa hewa hata kidogo: nyuzi zimeisha?

Akajibu kwa sauti, kwamba bado ziko, zinatosha mpaka jioni.

Hakuna mwingine ambaye angeweza kulijua swali hilo. Mwaitu, aliyekuwa ameketi karibu nami, hakujua kama nimeuliza kitu. Mshonaji alirudi kwenye gunia lake, akavuta uzi, kisha mkono ukasimama. Akainua tena uso na kunitazama. Ulikuwa uso wa mtu ambaye mlango umefunguliwa huku anaoga. Nilimpungia mkono polepole, kiganja kikishuka, ile ishara yetu ya kupunguza kasi. Sikuwa na ishara nyingine.

Wakati wa chai alikuja kukaa kwenye gunia mbele yangu. Alizungumza chini sana, na nikaelewa kwamba hiyo haikuwa haya. Alikuwa hajui tena sauti yake inafika wapi. Aliniambia kwamba miaka michache nyuma alishikwa na homa kali, akalazwa, na aliporudi nyumbani masikio yalikuwa na mlio kama wa nyenje wakati wa kiangazi. Mlio ukapungua, lakini ulipoondoka uliondoka na sauti za watu. Alikuwa askari wa usiku kwenye duka moja kubwa. Siku walipogundua kwamba hakusikia geti likigongwa, walimwondoa. Tangu hapo alijifunza kusoma midomo, na kwenye stoo yetu alijiona yuko salama, kwa sababu pale ndani hakuna anayemsikia mwenzake vizuri.

"Watu wakijua husikii, wanaacha kukuambia vitu," alisema. "Wanaongea na yule amekaa kando yako. Wanamuuliza kama unataka chai." Kisha akanitazama mdomoni, ingawa nilikuwa sijasema kitu. "Usimwambie mtu, Madam."

Nilinyoosha kidole na kugusa koo langu. Alinitazama, halafu akaelewa anamwomba nani atunze siri, na akacheka. Kilikuwa kicheko cha wakati wake, hakikuchelewa.

Baada ya hapo tulizungumza kila siku, mimi kwa midomo mitupu na yeye kwa sauti yake ya chini. Kwangu ilikuwa kama kupata chumba kingine ndani ya nyumba niliyoizoea. Nilimweleza mambo ya kazi, na mengine yasiyo ya kazi: shamba letu kule Kanyangi, nyimbo nilizokuwa nikizikosa. Aliniambia kwamba watu wanaosema kwa nguvu sana ni wagumu kusoma, kwa sababu uso wote unajikunja. Mimi zamani, alisema bila ubaya, nilikuwa mgumu kuliko wote.

Lakini meneja hakuwa amemsamehe. Alasiri moja aliniita ofisini, chumba kidogo cha mbao kilichojengwa kwenye kona ya stoo, chenye dirisha linalotazama mashine. Alifunga mlango. Akanieleza kwamba amevumilia vya kutosha. Siku hiyo alikuwa amemwelekeza mshonaji jinsi ya kupanga magunia ya lori, na katikati ya maelekezo mtu huyo alimpa mgongo na kwenda. "Ananidharau," alisema. "Nikiongea ananitazama mdomoni, kama anangoja nikosee ndio acheke." Alikuwa ameamua kwamba magunia ya msimu yakishapakiwa, mshonaji aende.

Niliinamisha macho. Nilikuwa nikitafuta namna ya kujibu, huku ahadi niliyoitoa kwa kidole kooni ikinizuia. Meneja aliniangalia, akatabasamu kwa nafuu, na kusema anashukuru kwamba na mimi nimeona hivyo.

Alikuwa amenisoma. Alikuwa amesoma kichwa changu kilichoinama na kuona ndiyo. Nilihisi joto likinipanda mpaka masikioni. Angekuwa mtu mwingine nadhani ningeinuka na kutoka, lakini sikuinuka. Nilikaa pale kwenye kiti, mikono magotini, nikainua uso na kumtazama machoni kama alivyotufundisha, na sikuondoa macho. Alianza kupanga vitu juu ya meza. Akasogeza kalamu, akairudisha. Aliniuliza kama kuna kitu. Nikainua kiganja mbele yangu, nikakishikilia hapo: ngoja. Akauliza angoje nini. Nikaendelea kushikilia kiganja. Mwishowe alishusha pumzi na kusema sawa, atangoja mpaka lori lije, lakini baada ya hapo nisimzuie.

Nilimwendea mshonaji nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa midomo. Nilimwambia aende mwenyewe akamweleze meneja, kwa sababu meneja hamchukii, hajui tu. Alinisoma mpaka mwisho. Kisha akakata uzi kwa meno, akachukua gunia lingine na kusema kwamba alishawahi kumweleza bosi mmoja, naye bosi huyo alimpa pole sana siku aliyomwondoa. Hakunitazama tena alasiri hiyo. Kwa mtu kama yeye, kutokutazama ni kufunga mlango na kuweka komeo.

Lori lilikuja siku ya upepo. Dereva alikuwa mtu wa Mwingi, mzee wa familia moja ya Waislamu wanaofanya biashara kule kwa muda mrefu, na sote tulimjua kwa upole wake na kofia yake nyeupe. Aliliingiza lori uani, akaligeuza, akaanza kulirudisha nyuma kuelekea jukwaa la kupakilia. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya jukwaa hilo kando ya magunia, mengine yakiwa bado hayajafungwa. Upepo uliinua vumbi jekundu na kulitandaza hewani, na kila kitu kilionekana kikisogea polepole, kama vitu vilivyo chini ya maji.

Mshonaji alikuwa ameshuka uani. Gunia moja lilikuwa limepasuka pembeni, naye alichuchumaa akizoa ndengu kwa viganja na kuzitia kwenye ungo. Mgongo wake ulielekea lori. Lori lilikuwa na kengele yake ya kurudi nyuma, na ililia pi, pi, pi, kila mtu akaisikia. Vijana wa kupakia waliisikia wakiwa pembeni, wakaendelea na mazungumzo yao, maana mtu yeyote akisikia kengele ile atainuka. Dereva alikuwa ametoa kichwa upande wa pili, akipima ukuta.

Mimi peke yangu nilijua kwamba hasikii.

Nilifungua mdomo kumwita. Kila kitu mwilini mwangu kiliita: kifua, tumbo, shingo. Ilitoka hewa tu, na maumivu kama kumeza mwiba. Nilipunga mikono, lakini dereva hakuwa akitazama upande wangu. Lori lilisogea. Sikumbuki kufikiri. Nakumbuka mkono wangu ukiingia ndani ya gunia lililo wazi, ubaridi wa ndengu mpaka kwenye kiwiko, kisha ndengu zikiwa hewani, zimetawanyika kama kundi la ndege wadogo, za kijani ndani ya vumbi jekundu. Nilirusha tena kabla za kwanza hazijaanguka. Zilimpiga shingoni na mgongoni.

Aligeuka akiwa amekasirika. Aliniona mimi, hakuliona lori, au kama aliliona hakungoja kulitazama. Nilitupa mikono yote miwili kuelekea ukutani, mwili mzima ukienda nayo, nikakaribia kuanguka kutoka jukwaani. Akaruka upande ule bila kuuliza. Gurudumu lilipita juu ya ungo, na ungo ukavunjika kama kuni kavu.

Hapo ndipo watu walipopiga kelele. Dereva alisimamisha lori, akateremka, akakaa chini kwenye kivuli cha gurudumu, akisema maneno ya kumshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Meneja alitoka ofisini mbio. Alikuwa ameona yote dirishani, na hofu yake, kama hofu za watu wengi, ilitoka ikiwa imevaa hasira. Alimkamata mshonaji bega na kumgeuza.

"Wewe husikii?" alimwuliza.

Ni swali ambalo kila mmoja wetu ameulizwa tangu utotoni, na mama, na mwalimu, na bosi, na hakuna anayelijibu. Unainamisha kichwa tu. Mshonaji hakuinamisha kichwa. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi na ndengu zimemng'ang'ania kwenye ukosi wa shati. Alimtazama meneja mdomoni, kisha polepole akapandisha macho mpaka yakakutana na yake.

"Ndiyo," alisema. "Sisikii."

Mashine ilikuwa imezimwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza watu wote wa stoo ile kumsikia akisema kitu vizuri. Mkono wa meneja ulibaki begani kwa mshonaji, lakini vidole vyake vililegea kimoja kimoja, na nikaona ule mshiko ukigeuka mbele ya macho yetu na kuwa mkono wa mtu anayemshikilia mwenzake asianguke. Alinitazama mimi juu ya jukwaa, nami nikatikisa kichwa kukubali. Kisha akafanya jambo ambalo sidhani kama alilitoa kwenye semina. Alivua kofia yake iliyokuwa ikitia kivuli usoni, akazunguka mpaka jua likamwangaza yeye, na kuuliza taratibu tangu lini.

Walikaa ofisini mpaka jua likaanza kushuka. Niliwaona kupitia dirisha, mshonaji akisema na meneja akisikiliza, meneja akisema huku akijizuia kugeuka. Mara moja aligeuka kuchukua maji, akaendelea kuongea, kisha akakumbuka, akarudi na kuanza upya.

Mshonaji hakuondolewa. Alipelekwa Kitui kwa daktari wa masikio, ambaye alimwambia kwamba sikio moja limekwisha na jingine linaweza kusaidiwa kidogo na kifaa. Alikipata kifaa hicho baadaye. Stooni alikivua, maana mashine ilimfanya ajisikie kama kichwa kimewekwa ndani ya pipa linalogongwa. Kigogo chake kilihamishwa mahali ambapo ukuta uko nyuma yake na mlango uko mbele, ili mtu yeyote asimjie kwa nyuma. Lori likirudi nyuma, mtu mmoja alisimama mbele ya dereva akimwongoza kwa mikono, na dereva wa Mwingi hakukubali kugusa gia kabla hajamwona mtu huyo. Meneja hakutufundisha tena habari za pua na mikono. Alianza kuuliza. Akiona mtu amekunja mikono, alienda kumwuliza kama anaumwa au anasikia baridi, na mara nyingi ilikuwa baridi.

Wenzangu, nilipowaambia baadaye kwamba niliijua siri yake, walitaka kujua kama nilimwokoa kwa sababu nilikuwa bubu. Sijui. Najua kwamba ningekuwa na sauti yangu ningemwita tu kama wengine, na ningeshangaa kwa nini hasogei.

Niliporudi kwa daktari, vinundu vilikuwa vimepungua. Aliniruhusu kusema kidogo kidogo. Nilitoka hospitalini nikasimama kando ya barabara, mwenye boda akaniuliza naenda wapi. Sauti ilikuwepo, lakini ilikuwa kama nguo iliyohifadhiwa, huna hakika kama bado inakutosha. Ilipotoka ilikuwa nzito, ya chini. Haikurudi tena kule juu. Kanisani sasa nasimama katikati ya waimbaji, na kuna mwingine anayeongoza. Stooni sikupaza sauti tena, wala haikuhitajika, maana ishara zilikuwa zimezoeleka mpaka wanawake walizitumia sokoni wakiwa wamesimama mbali.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilienda kumtembelea mshonaji kwake, nyumba ya matofali iliyo chini ya mawe makubwa nje ya Kyuso. Hakuwepo, alikuwa amekwenda kuwafungulia mbuzi maji. Mkewe alinikaribisha ndani. Alikuwa akichambua kunde kwenye sinia, nami nikavuta kigoda nimsaidie. Tuliongea habari za mvua na za watoto. Kisha nikamwambia kwamba lazima alishtuka sana siku mumewe alipomweleza habari ya masikio.

Aliendelea kuchambua. Aliniambia kwamba mumewe alikuja jioni ile akamweleza kila kitu, amekaa palepale nilipokaa, akilia kidogo. Naye alimsikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

"Lakini nilijua tangu homa," alisema. "Singemuuliza. Ilikuwa yake kusema. Jioni nilikuwa nakaa tu upande wa taa, anione mdomo."

Nilimtazama. Miaka hiyo yote, kila jioni, mwanamke huyu alikuwa amechagua mahali pa kukaa ndani ya nyumba yake mwenyewe, taa ikimpiga macho, ili mtu mwingine asilazimike kukiri kitu. Na mtu huyo hakujua. Nikarudisha mikono kwenye sinia.

Nje mbuzi walilia, na mshonaji akatokea mlangoni, akisimama kidogo ili macho yake yazoee kivuli cha ndani. Mkewe alisogeza kigoda chake bila kuinuka, uso wake ukaingia kwenye mwanga uliotoka mlangoni, akamwambia mgeni amefika na chai iko karibu kuiva. Aliitikia, akatabasamu. Na mimi nikajisogeza kwenye mwanga, nikamsalimu.